Mwongozo kamili wa kutengeneza filamu fupi ya vita vya mahandaki: Salaita, Februari 1916

Filamu nyingi za mahandaki huharibika kabla kamera haijawashwa, kwa sababu zinaiga matope ya Ufaransa na Ubelgiji. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa na huku kwetu pia, na mahandaki ya huku hayakuwa na matope mwezi Februari. Yalikuwa na vumbi jekundu, miiba, jua la utosi na kiu. Mwongozo huu unafuata handaki la namna hiyo: filamu ya dakika 12, waigizaji 5, watendakazi 9, siku 3 za kupiga picha na siku 1 ya kurekodi milio.

Kisa

Kilima cha Salaita kiko mashariki ya Taveta, upande wa Kenya. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, wakajichimbia Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Wilfrid Malleson lilikuja kuwatoa, na mbele liliweka Brigedi ya 2 ya Afrika Kusini, watu waliokuwa wageni kabisa wa nchi hii. Mizinga ikatwanga kilele, maana ndiko walikodhani adui yuko. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, miguuni mwa kilima, yamefichwa na vichaka. Waafrika Kusini walipokaribia, risasi zikawatokea mahali wasipopatarajia. Walirudi nyuma, na Wabaluchi wa Rejimenti ya 130, wanajeshi wa Kihindi wa upande wa Waingereza, ndio waliosimama kuwazuia askari wa Kijerumani, yaani Waafrika waliopigana chini ya Wajerumani, wasiwafuate. Machi, chini ya Jenerali Jan Smuts, Waingereza walizunguka kwa mbali na Salaita ikaachwa bila kupiganiwa.

Hebu liangalie hilo kwa jicho la mwandishi wa filamu fupi. Askari wamekaa ndani ya shimo. Makombora yanapita juu ya vichwa vyao na kuangukia kilele kitupu nyuma yao. Adui hajui walipo, na amri ni kwamba aendelee kutojua. Askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, inayotumia baruti nyeusi na kutoa wingu zima la moshi kila inapofyatuliwa. Atakayefyatua mapema amelionyesha handaki zima. Kwa hiyo huhitaji watu mia wanaokimbia na kuanguka. Unahitaji kidole kimoja kwenye kifyatulio, na sababu ya kumfanya mtazamaji akitazame kwa dakika 12.

Shika mambo matatu na usiongeze la nne: kidole, maji, mlio. Maji yana mgogoro wake ndani ya handaki lenyewe, kwa sababu bombomu aina ya Maxim hupozwa kwa maji, yapata lita 4 katika koti la mtutu, nayo huanza kuchemka baada ya mamia ya risasi mfululizo. Weka ndoo moja handakini. Mtazamaji akishajua kwamba maji hayo ni ya bombomu na si ya watu, kila mkono unaoisogelea ndoo unakuwa tukio.

Waigizaji watano wanatosha: shaush, ombasha aliye chini yake kwa cheo, askari wawili, na mpagazi anayeleta maji. Mpagazi usimfanye pambo. Pande zote mbili zisingetembea hata maili moja bila wapagazi, na Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao upande wa Waingereza. Mpe yeye ndoo, na mpe onyesho ambamo yeye ndiye mtu pekee anayetembea wazi juu ya ardhi huku wenye bunduki wamejificha.

Vyeo vitamke kama vilivyotamkwa. Askari wa Kijerumani walikuwa na ombasha, shaush, betshaush, sol, na juu kabisa efendi. Maneno hayo yaliletwa na Wasudani walioandikishwa mwanzoni kutoka Misri. Afisa Mjerumani ni bwana. Askari wenyewe walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani na wengineo, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Basi mazungumzo yawe ya Kiswahili kinyofu, kila mmoja na lafudhi ya kwao, bila “poa”, bila “oke”, bila “freshi”. Sentensi ziwe fupi, za watu wanaonong’ona:

OMBASHA: Usitie risasi.
ASKARI: Imeshaingia, ombasha.
OMBASHA: Basi toa kidole.

Kwa mistari hiyo mitatu tumejua nani mwoga, nani mkubwa, na hatari iko wapi. Barua ya mchumba na picha ya mama mfukoni ni mambo ya filamu za watu wengine. Wengi wa askari hawa wake zao walikuwa kambini, nyuma tu ya mstari. Mke anayesubiri kilomita chache kutoka hapo, na anayesikia makombora yale yale, ana nguvu kuliko barua.

Handaki

Usichimbe Salaita. Mahali pale ni pa historia na mabaki ya vita bado yapo. Nenda kapige picha chache za mbali za kilima, kwa idhini, kisha ujenge handaki lako kwenye shamba la mtu aliyekubali kwa maandishi, penye udongo wa rangi ile ile. Rangi isipofanana, mhariri ndiye atakayeteseka.

Kosa la hatari kuliko yote ni kuchimba kina cha kweli. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaokaribia tani 2, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupanua mbavu apumue, hata kama kichwa kiko nje. Handaki la mita 1.8 lenye kuta wima, bila mbao za kuzuia, ni kaburi linalosubiri. Chimba sentimita 70 tu. Kimo kinachobaki kijenge juu ya ardhi. Kamera haitajua tofauti.

Vipimo vinavyofanya kazi ni hivi. Urefu wote ni mita 14, lakini usiende moja kwa moja: kipande cha mita 4, pindo la mita 2, kipande kingine cha mita 4, halafu pindo jingine la mita 2 na mkia wa mita 2. Mahandaki ya kweli yalipinda ili kombora likiangukia kipande kimoja lisiue watu wa kipande cha pili, na adui akiingia asiweze kupiga risasi kulifagia handaki zima. Kwako wewe pindo lina faida nyingine: kamera haioni mwisho, kwa hiyo mita 14 zinaonekana kama mita 200.

Upana wa chini uwe mita 1.2. Ya kweli mara nyingi yalikuwa membamba zaidi, ila ukibana hapo mpiga picha hatapita. Ukuta wa mbele utakula sentimita 45 kwa kidato cha kusimamia, zitabaki 75 za mtu na kamera.

Udongo utakaotoka ni kama mita 12 za ujazo, na ukishavurugwa utavimba ufike 15 hivi. Watu 4 wenye sururu na makoleo wanaimaliza kazi hiyo kwa siku moja na nusu kwenye udongo wa kawaida. Kwenye changarawe panga siku 3. Udongo wote urushwe angalau mita 1 kutoka ukingoni. Ukilundikwa ukingoni unasukuma ukuta ndani.

Juu ya ukingo wa mbele jenga ukuta wa fito na udongo, kama wa nyumba ya kijijini. Fundi yeyote wa nyumba za miti anaujua. Nguzo 21, kila moja ifukiwe sentimita 60, umbali wa sentimita 70 kati ya moja na nyingine. Fito zisukwe hadi kimo cha sentimita 60. Zifunge nguzo kwa nyuma kwa waya, kwenye vigingi vilivyo mita 1.5 mbali. Hatua hii ya vigingi ndiyo watu huiruka, halafu siku ya pili ukuta unaanza kuinama kuelekea kwa waigizaji. Kandika kwa udongo sehemu 3, mchanga sehemu 1 na nyasi zilizokatwakatwa, uache ukauke siku 2. Ukibaki unyevu, rangi yake itakuwa tofauti na ya udongo uliochimbwa na kila mtu ataona.

Juu ya fito panga viroba safu 4. Kiroba kilichojazwa theluthi mbili hulala sentimita 45 kwa 25 kwa 12, kwa hiyo safu moja ya mita 14 inataka 31, na safu 4 ni 124. Nyuma weka ukuta wa fito kama huo na safu 2 tu, viroba 62. Nunua 200, vingine vitapasuka. Magunia ya katani ndiyo yanayofaa. Viroba vya plastiki vya unga vinang’aa juani na maandishi yake yanasomeka. Kama plastiki ndiyo iliyopo, vigeuze ndani nje, vichovye kwenye tope jembamba, vikauke, uvichovye tena. Usijaze mpaka shingoni, kiroba kilichojaa kinaviringika. Vilaze kama matofali, kiungo cha juu kiangukie katikati ya kiroba cha chini, uvipige kwa ubao mpaka vilale bapa. Safu za nyuma zisizoonekana zijaze pumba au nyasi kavu.

Mbele ya ukuta huo, upande wa adui, patelemke taratibu kama ardhi ya kawaida. Usijaze udongo mtupu, uzito wake utasukuma fito. Weka mafungu ya nyasi, funika kwa udongo wa sentimita 10, kisha pachika vichaka. Mita 15 mbele weka boma la miiba, matawi ya mgunga yaliyotupwa mashina yakielekea handakini na miiba ikielekea kwa adui. Boma hilo ndilo seng’enge ya huku.

Kidato cha kusimamia kiwe na kimo cha sentimita 40, mbao za mbili kwa nne zilizopigiliwa na kufunikwa udongo. Ukifuata vipimo vya juu, mtu wa mita 1.7 akisimama juu yake mabega yake yanafika ukingoni na macho yanapita kidogo tu. Akishuka, anatoweka. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakompa mwigizaji kitu cha kufanya na mwili wake.

Kipande kimoja cha ukuta wa nyuma, urefu wa mita 2.4, usikijenge kwa fito. Tengeneza paneli ya plaiwudi iliyokandikwa udongo uliochanganywa na gundi ya mbao, inayoondolewa na watu wawili. Bila ukuta huo unaotoka, utapiga migongo na visogo filamu nzima.

Kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, mmoja apite na tochi na fimbo. Handaki ni nyumba nzuri kwa nyoka na nge, na wao huhamia usiku wa kwanza. Mwisho wa handaki chimba kishimo cha sentimita 30 cha kupokea maji ya mvua ya ghafla.

Bunduki, risasi na mavazi

Nenda polisi kwanza. Toa taarifa kwa maandishi kwenye kituo cha eneo lako, siku, mahali, idadi ya bunduki bandia na picha zake, na ubaki na nakala yenye muhuri. Kibali cha filamu ni jambo jingine: Tanzania ni Bodi ya Filamu, Kenya ni KFCB, bodi ya serikali ya kuainisha filamu. Mwenyekiti wa kijiji au chifu naye ajue, ili watu wakisikia vishindo wasikimbie. Sare zinazofanana na za jeshi la sasa usiziguse kabisa.

Bunduki bandia ichongwe kwa mbao ngumu, urefu wa mita 1.24 hivi. Mtutu ni bomba la umeme la plastiki la milimita 20. Ndani pitisha nondo, uzito ufike karibu kilo 4. Bunduki nyepesi humsaliti mwigizaji papo hapo: mkono haulegei, bega halishuki, na baada ya saa moja hachoki. Kwa bunduki moja ya picha za karibu funga komeo la mlango la chuma mahali pa komeo la bunduki. Linafunguka kwa mkono, linateleza, na linalia mlio wenyewe.

Mfundishe mwigizaji mwendo huu mpaka aufanye gizani: fungua komeo, vuta, ganda linatoka, ingiza risasi moja kwa vidole, sukuma, funga. Wengi wa askari hawa walikuwa na bunduki ya risasi moja moja isiyo na kasha la akiba, kwa hiyo kufyatua mara tano mfululizo bila kujaza ni uongo. Risasi zenyewe ni milimita 11, na ganda lina urefu wa sentimita 6. Bomba la shaba la nusu inchi la mafundi friji, lililokatwa sentimita 6 na kupakwa rangi ya dhahabu iliyofifia, linatosha hata kwa picha ya karibu.

Bombomu usiijenge. Onyesha koti la mtutu tu: bomba la plastiki la inchi 4 lililopakwa rangi, turubai likifunika nyuma, na mkono unaomimina maji.

Askari wa Kijerumani alivaa kaki, tarbushi yenye gamba la kaki na kitambaa kinachoshuka kufunika kisogo, nembo ya tai mbele, na kitambaa kilichozungushwa mguuni kuanzia kifundo hadi chini ya goti. Umbo la tarbushi lisuke kwa ukindu kisha livishwe kaki. La karatasi ngumu litalegea kwa jasho saa 4 asubuhi. Kofia za chuma za Kijerumani, zile zinazojulikana na wote, zilianza kutolewa Ulaya mwaka huo wa 1916 na hazina nafasi hapa. Alama ya msalaba wa Wanazi ni ya miaka mingi baadaye. Ikionekana hata sekunde moja filamu imekwisha heshima. Gesi ya sumu nayo iache Ulaya.

Nguo mpya ni adui. Zifue mara 3, zichovye kwenye chai kali ya rangi, sugua magoti, viwiko na mabega kwa msasa. Alama za jasho la zamani hutengenezwa kwa chumvi: vijiko 4 vya mezani kwa nusu lita ya maji moto, paka mgongoni na kwapani kwa brashi, anika juani, mpaka mstari mweupe utokee. Jasho bichi ni gliserini ya duka la dawa na maji, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kupulizia. Maji matupu hukauka kabla hujasema “haya”. Vua saa, pete na hereni, na kagua mifuko, maana simu hujichora vizuri sana kwenye suruali ya kaki.

Damu itumie kidogo. Sukari vikombe 2 na maji kikombe 1, chemsha iwe nzito, tia rangi nyekundu ya chakula, kijiko cha chai cha kakao kuondoa uwaridi, na matone machache ya sabuni ya maji ili ifulike. Ikae kwenye chupa iliyofungwa, la sivyo nyuki na siafu watawahi kabla ya mwigizaji.

Jua, kamera na upande wa adui

Handaki lichimbwe kutoka kaskazini kwenda kusini, likitazama mashariki. Kwanza, ndivyo ilivyokuwa: Waingereza walitokea mashariki, na asubuhi jua liliwapiga machoni waliokuwa handakini. Pili, utapata kivuli upande mmoja asubuhi na upande mwingine alasiri. Kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, aliyeegemea ukuta wa mbele yuko kivulini, na anayechungulia nje ana jua usoni; picha za watu waliokaa na za macho yanayochungulia zote zipige saa hizo. Saa 5 hadi saa 9 jua liko utosini, kofia inafunika macho kwa kivuli cheusi na hakuna sura. Kama ni lazima upige saa hizo, tandaza chandarua cheupe, kikunjwe mara mbili, mita 3 kwa 3, juu ya handaki, na uweke ubao mweupe miguuni urudishe mwanga usoni. Vinginevyo watu wapumzike. Saa 9 hadi saa 12 ni saa za ukuta wa nyuma na za mwisho wa filamu.

Lenzi ya milimita 24 hadi 35 kwa ndani, 85 kwa nyuso. Piga fremu 25 kwa sekunde, shata 1 ya 50, na uwe na kichujio cha giza mbele ya lenzi. Bila hicho utalazimika kuongeza shata, na vumbi litaonekana kama linakatikakatika.

Sheria moja ya kamera nisingeivunja: isipande juu ya ukingo mpaka amri ya kufyatua itoke. Mtazamaji aone kile ambacho askari anakiona, yaani udongo, mwenzake, mbingu, na upenyo mwembamba kati ya viroba. Droni inaua filamu hii. Ukishamwonyesha mtu uwanja mzima kutoka juu, hofu imekwisha, kwa sababu sasa anajua zaidi ya ombasha.

Kisha upande. Amua mapema kwamba adui yuko kulia kwa picha, na abaki kulia filamu nzima. Ndani ya handaki mambo yote yanafanana, mpiga picha akigeuka tu, adui anahamia kushoto na mtazamaji anadhani askari wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Piga vigingi vyekundu upande wa adui nje ya picha, na mwandishi wa kumbukumbu aandike “kulia” au “kushoto” kwa kila picha. Kinachopotea hapa hakiokolewi na mhariri.

Kombora linaloanguka karibu halihitaji baruti. Watu wawili wasimame juu ya ukingo wa nyuma, nje ya picha, na makarai ya udongo mkavu uliochekechwa mara mbili na pumba za mahindi, nusu kwa nusu. Mmoja anahesabu, wanamwaga kutoka kimo cha mkono, mwingine anatupa vipande vya sponji vilivyopakwa rangi ya udongo. Hivyo ndivyo mawe. Mpiga picha aitikise kamera mara moja, kwa nguvu, kisha atulie. Saruji na chokaa usiruhusu zikaribie, zinaunguza macho. Waigizaji wafumbe macho kwenye hesabu ya tatu, na wote walio karibu wavae miwani kati ya marudio.

Moshi wa bunduki unatolewa vizuri na kifaa cha mfuga nyuki, kile cha mvukuto na bati. Kijaze magunia chakavu ya katani, mtu ajilaze chini ya mtutu, na apulize mara moja kishindo kinapohesabiwa. Moshi wa baruti nyeusi ni mzito, mweupe, na unakaa. Usiufute haraka kwenye uhariri, maana ndio kisa chenyewe. Nyasi kavu zikatwe mita 3 kuzunguka, ndoo 4 za maji za lita 20 na mchanga viwe karibu. Februari moto hauombi ruhusa.

Sauti

Hapa ndipo filamu hii inapoishi, na ndipo watu huipa nusu siku. Ipe siku nzima.

Kombora linalopita juu lina hatua tatu: kishindo cha mbali cha mzinga, mruzi unaopita, na mpasuko nyuma. Usiviunganishe. Acha sekunde 4, 5, hata 7 za ukimya kabla ya mpasuko, na zisiwe sawa kila mara, kwa sababu ndani ya sekunde hizo ndimo waigizaji wanamofanya kazi. Mruzi unapatikana kwa kuvuta shuka zito juu ya kamba ya manila iliyokazwa, kisha kushusha kasi nusu. Mpasuko ni kiroba cha mchanga kilichoangushwa kutoka mita 2 juu ya pipa tupu lililofunikwa blanketi, nacho kishushwe nusu na kuongezewa changarawe inayomwagika.

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Bunduki iliyofyatuliwa mita 680 mbali, moshi huonekana, na mlio hufika sekunde 2 baadaye. Ukiliheshimu hilo, uwanja usioonyeshwa kabisa unakuwa mpana masikioni. Filamu nyingi huweka mlio na moshi pamoja, na uwanja unakuwa na ukubwa wa ua wa nyumba.

Rekodi minong’ono kwa maikrofoni ndogo iliyoshonwa ndani ya kola. Kaki mpya inakwaruza, ndiyo sababu nyingine ya kuifua mara 3. Kabla ya kufunga kila siku, watu wote wanyamaze, rekodi dakika 2 za mahali penyewe: nyenje, upepo kwenye miiba, udongo unaoporomoka kidogo kidogo. Bodaboda inasikika kilomita 1 na zaidi, kwa hiyo chagua shamba kwa masikio kabla ya macho.

Siku 3

Siku ya 1 piga maonyesho ya kusubiri, watu wakiwa bado wasafi. Siku ya 2 makombora na ndoo. Siku ya 3 asubuhi kufyatua, alasiri mpagazi na mwisho. Kufuata mpangilio wa kisa kunagharimu muda kidogo, lakini vumbi na uchovu vinajipanga vyenyewe usoni, na huwezi kuvirudisha nyuma. Panga picha 18 hadi 22 kwa siku. Ukipanga 35 utapiga 20 mbaya.

Watu 14 wanataka maji ya kunywa lita 4 kila mmoja kwa siku, yaani lita 56. Leta 80, pembeni ya yale ya kazi. Kila dakika 40 watu watoke handakini wakae kivulini, hata kama picha iliyobaki ni moja. Joto ndani ya shimo lisilo na upepo linapanda bila mtu kugundua, na anayezimia huanza kwa kujibu polepole.

Uhariri nauachia mkono wako, ila picha ya kidole iache ndefu kuliko unavyothubutu. Dakika ya 10 ndipo bunduki ya kwanza ilie. Baada ya hapo usionyeshe waliopigwa. Onyesha moshi mweupe ukiinuka kutoka kipande cha kwanza, cha pili, mpaka handaki lote linajichora kwenye miguu ya kilima, na hapo kamera ipande kwa mara ya kwanza.

Kazi ikiisha, fukia siku ile ile. Ng’ombe na watoto huja kuangalia. Ng’oa viroba kwanza, kisha fito, vigingi vya waya vya mwisho, halafu rudisha udongo kwa matabaka ya sentimita 20, kila tabaka likishindiliwa kwa gogo. Lundo dogo litabaki juu, liache, usilisambaze. Baada ya mvua ya kwanza udongo utatitia, na lundo hilo ndilo litakalosawazisha shamba la watu.